Bunduki Inapofyatuka Bila Kuguswa Kifyatulio: Mambo ya Kuzingatia kwa Wamiliki wa Silaha za Uwindaji

Bunduki ya uwindaji inaweza kufyatuka bila mtu kuvuta kifyatulio. Jambo hilo halitokei kila siku, lakini limewahi kuua na kujeruhi, na mara nyingi limetokea wakati mwenye silaha alipoamini kuwa hatari imekwisha: anapotaka kutoa risasi, anapofungua bolti au anaposogeza kufuli la usalama.

Makala haya yanaeleza namna kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga, kinavyofanya kazi pamoja na kufuli la usalama, sababu zinazofanya sehemu hizo zishindwe, na mafunzo yatokanayo na kisa kinachojulikana zaidi kuhusu suala hilo, yaani cha bunduki aina ya Remington Model 700 ya nchini Marekani. Mwisho wake zimeelezwa hatua ambazo mmiliki halali wa silaha anaweza kuchukua ili kujilinda yeye, familia yake na anaofuatana nao porini.

Bunduki hufyatukaje

Bunduki nyingi za uwindaji ni za bolti. Mwindaji huinua mkono wa bolti, huuvuta nyuma, kisha huusukuma mbele ili risasi itoke katika magazini na kuingia chemba. Bolti inapofungwa, pini ya kupigia hubaki nyuma huku springi yenye nguvu ikiwa imebanwa. Kuanzia hapo silaha imekokiwa. Fataki iliyo kwenye kitako cha risasi inasubiri kugongwa, na kinachoizuia pini isiruke mbele ni kipande kidogo cha chuma ambacho katika makala haya kitaitwa kishikizo.

Kishikizo nacho hakisimami chenyewe. Hukaa juu ya ukingo mwembamba wa kifyatulio, au wa kipande kingine kinachosukumwa na kifyatulio. Kidole kinapovuta, ukingo huo huondoka, kishikizo hushuka, pini huruka na kugonga fataki, baruti huwaka na risasi hutoka mtutuni kwa kasi ya kiasi cha mita 700 hadi 900 kwa sekunde.

Eneo ambalo kishikizo na ukingo huo hugusana kwa kawaida halifiki milimita 1. Wabunifu hulifanya dogo kwa makusudi. Mguso ukiwa mrefu, kifyatulio huwa kizito na hukwaruza, hivyo mwindaji hukosa shabaha. Mguso ukiwa mfupi, kifyatulio huwa laini na shabaha hunyooka, lakini kiasi cha chuma kinachozuia pini hupungua. Usalama na usahihi wa shabaha vinagombania nafasi ya unene wa kucha, na katika nafasi hiyo chembe ya mchanga, tone la mafuta yaliyoganda au kutu kidogo vinaweza kubadili mambo.

Kufuli la usalama huzuia nini

Watu wengi hudhani kuwa kufuli la usalama likifungwa, bunduki nzima imefungwa. Ukweli hutegemea muundo wa silaha, na kuna aina kuu tatu.

Aina ya kwanza huzuia pini yenyewe. Mfano wake ni bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1898, ambayo kufuli lake liko nyuma ya bolti. Likifungwa, pini hushikwa moja kwa moja, kwa hiyo hata kifyatulio kikivutwa au kishikizo kikiteleza, pini haina njia ya kwenda mbele. Bunduki ya Winchester Model 70, iliyoingia sokoni mwaka 1936, ilifuata mawazo hayo ikiwa na kufuli la hatua tatu. Katika hatua ya kati pini imezuiwa, lakini bolti inaweza kufunguliwa. Mwindaji anaweza kutoa risasi zote bila kuondoa ulinzi.

Aina ya pili huzuia kishikizo. Hukiinua na kukiweka mahali ambapo hakiwezi kushuka. Muundo huu hufanya kazi vizuri endapo sehemu nyingine zote zimerudi mahali pake. Zisiporudi, hatari hujificha hadi wakati kufuli linapofunguliwa.

Aina ya tatu huzuia kifyatulio peke yake. Hii hupatikana katika bunduki nyingi za mitutu miwili, ambazo kwa miaka mingi zimetumika kuwinda wanyama wakubwa kama nyati na tembo. Kufuli la namna hiyo humzuia mtu asivute kifyatulio, lakini haliwezi kukizuia kishikizo kisichomoke iwapo bunduki itaanguka au kugongwa kwa nguvu. Bunduki bora zaidi za mitutu miwili huongezewa kishikizo cha pili cha kudaka, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa kubwa.

Kwa macho, makufuli yote matatu hufanana: ni kidude kidogo kinachosogezwa kwa dole gumba. Mmiliki asiyejua silaha yake ina lipi kati ya hayo hajui ulinzi alionao unaishia wapi.

Kisa cha Remington Model 700

Kampuni ya Remington ya Marekani ilianza kuuza Model 700 mwaka 1962. Ikawa miongoni mwa bunduki za bolti zilizouzwa zaidi duniani, na zaidi ya milioni 5 zimetengenezwa. Majeshi ya Marekani pia yaliitumia kama msingi wa bunduki zao za wadunguaji. Sifa yake kubwa ilikuwa usahihi wa shabaha, na sehemu ya sifa hiyo ilitokana na kifyatulio chake.

Kifyatulio hicho kilibuniwa na mhandisi wa kampuni hiyo, Mike Walker, na kilianza kutumika katika bunduki za Model 721 na Model 722 zilizotoka mwaka 1948. Upekee wake ulikuwa kipande kidogo kilichoitwa kiunganishi. Kishikizo hakikukaa juu ya kifyatulio chenyewe bali juu ya kiunganishi, na kiunganishi hakikufungwa kwenye kifyatulio kwa skrubu wala ribiti. Kilishikiliwa hapo kwa msukumo wa springi. Kila bunduki inapopigwa, kiunganishi hutengana na kifyatulio kwa muda mfupi sana, kisha hurudi.

Hoja ya waliodai kuwa muundo huo una kasoro ilikuwa kwamba ule muda wa kutengana hufungua mwanya. Uchafu, mabaki ya baruti, mafuta yaliyoganda au kipande cha chuma kilichomeguka vinaweza kuingia kati ya kiunganishi na kifyatulio. Vikiingia, kiunganishi hakirudi kikamilifu chini ya kishikizo. Mwindaji akifunga kufuli la usalama, kishikizo huinuliwa na kila kitu huonekana shwari. Akilifungua, kishikizo hushuka kutafuta pa kukaa, hakipati, na bunduki hufyatuka. Kidole kinaweza kuwa mbali kabisa na kifyatulio.

Matukio yaliyoripotiwa yalikuwa ya namna kadhaa: bunduki kufyatuka kufuli linapofunguliwa, bolti inapofungwa, bolti inapofunguliwa, au silaha inapogongwa. Namna ya kwanza ndiyo iliyotajwa sana, na ilikuwa na ugumu wa kipekee kwa bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1982. Katika bunduki hizo, kufuli la usalama lilifunga pia bolti. Mtu aliyetaka kutoa risasi chemba ili silaha iwe salama alilazimika kwanza kuondoa kufuli la usalama. Hatua ya kuondoa hatari ndiyo iliyokuwa mlango wa hatari. Mwaka 1982 kampuni iliacha kuweka kifungo hicho cha bolti katika bunduki mpya, lakini zilizokwisha kuuzwa zilibaki mikononi mwa watu.

Mwezi Oktoba mwaka 2000, katika jimbo la Montana, mtoto wa miaka 9 aliuawa kwa risasi iliyotoka katika Model 700 ya familia yake walipokuwa wakimaliza siku ya uwindaji. Mama yake alikuwa akijiandaa kutoa risasi, akasogeza kufuli la usalama, na bunduki ikafyatuka. Risasi ilipita katika tela la farasi na kumpata mtoto aliyekuwa upande wa pili. Baada ya msiba huo, baba wa mtoto alitumia miaka mingi kukusanya nyaraka za kampuni na kuwahamasisha wamiliki wengine wabadilishe vifyatulio vya bunduki zao.

Kilichojulikana ndani ya kiwanda

Kesi zilizofunguliwa mahakamani ziliweka hadharani nyaraka za ndani za kampuni. Nyaraka hizo zilionesha kuwa mwaka 1947, kabla bunduki za kwanza hazijafika madukani, majaribio yalikuwa yamebaini kwamba silaha ya majaribio inaweza kufyatuka kufuli la usalama linapofunguliwa. Walker mwenyewe alipendekeza mwaka 1948 kiongezwe kizuizi cha kukifunga kifyatulio wakati kufuli limefungwa. Gharama iliyokadiriwa ilikuwa senti 5.5 za Marekani kwa kila bunduki. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ilimlipa wakili mmoja wa Texas dola milioni 6.8 baada ya kupooza kutokana na risasi iliyotoka katika bunduki ya Model 600, yenye kifyatulio cha ukoo huohuo. Bunduki za Model 600, zipatazo 200,000, ziliitwa zirejeshwe kwa matengenezo. Model 700 haikuitwa. Kumbukumbu ya kikao cha Januari 1979 inaonesha hesabu iliyofanywa: ilikadiriwa kuwa asilimia 1 ya bunduki za zamani zingeweza kufanywa zifyatuke namna hiyo, hivyo ingebidi kukusanya bunduki milioni 2 ili kuzipata 20,000. Kikao kiliona kuwa wito haufai.

Kwa upande wake, Remington ilikanusha daima kwamba kifyatulio cha Walker kina kasoro. Ilisema kuwa bunduki hizo ni salama, kwamba mamilioni ya watu wamezitumia bila tatizo, na kwamba ajali zilitokana na matunzo mabaya, watu kurekebisha vifyatulio wenyewe, au kutofuata kanuni za usalama. Hoja hiyo haikuwa bure, kwani katika ajali nyingi mdomo wa mtutu ulikuwa umeelekezwa mahali palipokuwa na mtu. Hata hivyo, mwenye bunduki hawezi kuchukua tahadhari kamili dhidi ya jambo ambalo hajaambiwa kuwa linawezekana.

Oktoba 2010, kituo cha televisheni cha CNBC kilirusha uchunguzi wake kuhusu suala hilo, kikieleza kuwa madai yaliyotolewa kwa miaka mingi yalihusisha vifo zaidi ya 20 na majeruhi zaidi ya 100.

Wito uliowafikia wachache

Mwaka 2006 Remington ilianza kutengeneza kifyatulio kipya, X-Mark Pro, kisichokuwa na kiunganishi kile. Ilitarajiwa kuwa suala limekwisha. Lakini Aprili 2014 kampuni ilitangaza wito wa hiari wa kurejesha bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio hicho kipya, zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Mei 2006 hadi tarehe 9 Aprili 2014. Sababu iliyotolewa ilikuwa gundi iliyozidi kiasi wakati wa kuunganisha vipande. Wamiliki walitakiwa kuacha mara moja kutumia bunduki hizo hadi zitakapokaguliwa. Tukio hilo lilionesha kuwa muundo mzuri peke yake hautoshi. Tone la gundi kiwandani linaweza kurudisha hatari ambayo mbunifu aliiondoa kwenye karatasi.

Wakati huohuo ilikuwa ikiendelea kesi ya pamoja iliyofunguliwa mwaka 2013 katika mahakama ya shirikisho huko Missouri kwa niaba ya wamiliki wote. Pande mbili zilifikia maridhiano, bila kampuni kukiri kosa. Maridhiano hayo yaligusa takriban bunduki milioni 7.5 za miundo mbalimbali. Wamiliki wa bunduki nyingi kati ya hizo waliruhusiwa kubadilishiwa kifyatulio bila malipo, na wamiliki wa baadhi ya miundo ya zamani walipewa vocha ya thamani ndogo.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo la pili, ambalo halikuwa la chuma bali la taarifa. Hadi mwishoni mwa mwaka 2015, madai yaliyokuwa yamewasilishwa hayakufika 3,000. Jaji hakuridhika na akaagiza utafutwe utaratibu bora zaidi wa kuwafahamisha wamiliki. Matangazo yaliongezwa, ikiwamo redioni na katika mitandao ya kijamii. Mahakama ilipoidhinisha maridhiano hayo Machi 2017, madai yalikuwa yamefika kiasi cha 22,000. Hiyo ni chini ya bunduki 3 katika kila bunduki 1,000. Mahakama ya rufaa ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2018, na muda wa kuwasilisha madai ulifungwa Aprili 2020. Miezi michache baadaye, Julai 2020, kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika kwa mara ya pili, na mali zake zikauzwa vipandevipande.

Kwa hiyo idadi kubwa ya bunduki hizo ziko zilivyokuwa. Nyingine zimeuzwa tena, nyingine zimerithiwa na watoto wa wamiliki wa kwanza, na nyingine zimevuka mipaka. Aliyenunua kutoka kwa mtu wa tatu hakuwahi kupokea barua ya kampuni, na huenda hajui kuwa tangazo liliwahi kutolewa.

Kwa nini Serikali ya Marekani haikuamuru bunduki zirejeshwe

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mamlaka za Marekani, ambazo huamuru magari na hata midoli ya watoto iondolewe sokoni, hazikufanya hivyo kwa bunduki. Jibu liko katika sheria. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya nchi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na silaha za moto na risasi ziliwekwa nje ya mamlaka yake. Kutokana na hali hiyo, tume hiyo haina uwezo wa kumwamuru mtengenezaji arejeshe bunduki yenye kasoro. Kinachobaki ni hiari ya kampuni yenyewe na kesi za madai mahakamani, ambazo huanza baada ya mtu kuumia.

Sababu nyingine za silaha kufyatuka yenyewe

Itakuwa kosa kudhani kuwa tatizo hili ni la kampuni moja. Aina yoyote ya bunduki inaweza kufikia hali hiyo, na sababu zinazojulikana ni hizi.

Ya kwanza ni uchafu na mafuta yasiyofaa. Katika mazingira ya vumbi, mafuta mengi yaliyomiminwa kwenye kifyatulio hushika vumbi na kuwa tope zito. Baadhi ya mafuta mepesi ya kupulizia hukauka na kuacha utando unaonata, hivyo vipande vidogo hurudi polepole au havirudi kabisa.

Ya pili ni kurekebisha kifyatulio bila utaalamu. Bunduki nyingi za uwindaji hutoka kiwandani zikiwa na kifyatulio kinachohitaji mvuto wa kiasi cha kilo 1.5 hadi 2. Baadhi ya wamiliki hulegeza skrubu au kusugua chuma ili kiwe chepesi zaidi. Kufanya hivyo hupunguza ule mguso wa milimita moja au chini yake, na bunduki inaweza kufyatuka kwa kugongwa tu kitako chini.

Ya tatu ni uchakavu na kutu, hasa kwa silaha za zamani zilizopita mikono mingi bila kukaguliwa.

Ya nne ni kifyatulio chenye mfumo wa kulainishwa, kinachopatikana katika baadhi ya bunduki za Ulaya. Mwindaji hukitega kwanza, kisha mguso mdogo sana hutosha kufyatua. Akighairi kupiga na kusahau kukitegua, hubaki amebeba silaha inayoweza kufyatuliwa na jani.

Ya tano ni mshtuko wa risasi ya kwanza katika bunduki ya mitutu miwili. Kishikizo cha mtutu wa pili kikiwa kimechakaa, mitutu yote miwili inaweza kufyatuka kwa mpigo.

Suala hili linavyohusu Tanzania

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Hakuna anayeruhusiwa kumiliki silaha bila leseni, wala kuwinda bila kibali. Wageni wanaokuja kwa uwindaji wa kitalii huruhusiwa kuingia na bunduki zao kwa kufuata taratibu, na bunduki hizo hutoka katika nchi na viwanda mbalimbali.

Katika msafara wa uwindaji, mwenye bunduki si mtu peke yake. Wasoma nyayo hutangulia mbele wakifuata mguu wa mnyama, wabeba mizigo hufuata, askari wa wanyamapori huandamana nao, na wote hupanda gari moja. Wasoma nyayo hutembea mbele ya mdomo wa mtutu kwa saa nyingi. Iwapo silaha ya mwindaji ina kasoro katika kifyatulio, anayebeba hatari ya kwanza ni mtu ambaye hakuinunua, hakuichagua na hana namna ya kuikagua. Kwa sababu hiyo, mwongozaji wa msafara anayo haki na wajibu wa kumtaka mgeni atembee na chemba tupu hadi pale mnyama anapoonekana, na kuelekeza mtutu mahali pasipo na mtu.

Hali ni hiyohiyo nyumbani. Bunduki ya kulinda mazao au mifugo, iliyorithiwa kutoka kwa mzazi, inaweza kuwa na miaka 40 au 50. Uhamisho wa silaha kwa mrithi hufanyika kwa kibali cha mamlaka husika, na wakati huo ndio mwafaka wa kuipeleka kwa fundi silaha mwenye leseni aikague kabla haijatumika.

Namna ya kuikagua bunduki

Ukaguzi ufuatao hufanywa kwa silaha isiyo na risasi kabisa. Kwanza, toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa macho na ipapase kwa kidole. Weka risasi zote katika chumba kingine. Elekeza mtutu mahali ambapo hata kama risasi ingetoka isingemdhuru mtu.

Funga bolti ili bunduki ikokiwe, kisha funga kufuli la usalama. Vuta kifyatulio kwa nguvu na ukiachie. Ondoa kidole kabisa, halafu fungua kufuli. Pini haipaswi kuruka. Ukisikia mlio wa kugonga, bunduki hiyo ni hatari. Rudia zoezi hilo mara kadhaa, kwa kuwa kasoro ya namna hii huja na kuondoka.

Baada ya hapo, fungua na ufunge bolti kwa nguvu mara kadhaa bila kugusa kifyatulio. Pini isiruke. Mwisho, ikiwa imekokiwa na bado haina risasi, gonga kitako chini kwa kiasi juu ya kitu laini. Pini isiruke.

Bunduki iliyofaulu majaribio haya haijathibitishwa kuwa salama milele. Imethibitishwa tu kuwa haikushindwa siku hiyo. Iliyoshindwa hata mara moja iwekwe kando, ifungiwe, na ipelekwe kwa fundi silaha mwenye leseni. Mmiliki asijaribu kuirudia hali hiyo kwa kutumia risasi za kweli, wala asiifungue mwenyewe ili kutafuta sababu.

Kanuni za kuzingatia wakati wote

Mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu wala mahali panapoweza kuwa na mtu, iwe kufuli limefungwa au la. Ikumbukwe kuwa ukuta wa udongo, mlango wa bati na bodi ya gari havizuii risasi ya uwindaji. Katika tukio la Montana, tela halikuizuia.

Chemba ibaki tupu hadi wakati wa kupiga. Bunduki itolewe risasi kabla ya kupanda gari, kuruka mtaro, kupita kwenye uzio, kuvuka mto au kuingia nyumbani. Risasi zitolewe mtutu ukiwa umeelekezwa ardhini au mahali pengine salama, na wenzako wakiwa nyuma yako, kwa kuwa huo ndio wakati ambao matukio mengi yametokea.

Kifyatulio kisafishwe kwa namna iliyoelekezwa katika kitabu cha mtengenezaji, kwa mafuta kidogo au bila mafuta kabisa pale kitabu kinapoelekeza hivyo. Uzito wa kifyatulio usipunguzwe na mtu asiye fundi.

Mmiliki aandike aina, muundo na namba ya silaha yake, na afuatilie matangazo ya mtengenezaji kuhusu muundo huo, hasa kwa silaha iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Tangazo la miaka 10 iliyopita bado linahusu bunduki ambayo haijarekebishwa.

Endapo silaha imefyatuka bila kuvutwa kifyatulio, hata kama hakuna aliyeumia, tukio hilo litolewe taarifa katika kituo cha Polisi na bunduki isitumike tena hadi ikaguliwe. Mtu asione haya kusema kuwa bunduki ilifyatuka yenyewe kwa kuogopa kuonekana mzembe. Bunduki nyingi zilizoua zilikuwa zimewahi kufyatuka hivyo kabla, risasi ikaingia ardhini, na mwenyewe akanyamaza akidhani kidole chake ndicho kilichokosea.

Kufuli la usalama ni kifaa kilichotengenezwa na binadamu, na kifaa chochote chenye springi na vipande vinavyosuguana huchakaa, huchafuka na huweza kutengenezwa vibaya. Mtutu ulioelekezwa mahali salama hautegemei springi. Bunduki ikifyatuka yenyewe ikiwa imeelekezwa ardhini, hasara ni risasi moja, na mwenye silaha anapata nafasi ya kuipeleka kwa fundi kabla mtu hajaumia.